Babu Gundi na Rafu Iliyokuwa na Adabu Mno

Miaka humla mtu kama mchwa alavyo mlango: kwa nje rangi ingali inang'aa, na ndani pameshageuka vumbi. Fundi huyu wa kujalidi vitabu aliingia katika chumba chake cha kazi akiwa kijana wa nywele nyeusi na mikono isiyotetemeka. Akainamia sindano na uzi. Alipoinua kichwa, vizazi viwili vya watoto vilikwisha kupita mlangoni pake, mkewe alikwisha kutangulia mbele ya haki, na yeye mwenyewe alikuwa mzee wa miaka sabini na miwili ambaye mtaa mzima ulimwita Babu Gundi, kwa kuwa hapakuwa na siku ambayo vidole vyake havikuwa na gundi iliyokauka.

Chumba kilikuwa kirefu na chembamba. Upande mmoja ilikaa meza ya kukatia karatasi, na juu yake jiliwa la mbao la kubania vitabu vibichi. Upande wa pili, kutoka pembe hadi pembe, ilikwenda rafu moja ndefu aliyoipigilia kwa mkono wake mwaka aliooa. Katikati ya ukingo wa rafu hiyo alifunga mkasi kwa uzi, uning'inie, maana alikuwa akisema kwamba mkasi ukiwekwa mezani huota miguu. Na chini ya rafu alitandika mkeka, ambapo watoto wa mtaa waliketi kila Jumamosi alasiri.

Walikuja kwa ajili ya vitabu vya kiganja. Karatasi inapokatwa ili kurasa zilingane, hubaki vipande vyembamba ambavyo mafundi wengine huvitupa. Yeye hakuvitupa. Alivishona kwa uzi uliopakwa nta, akavivika jalada, na ndani yake akaandika kwa mwandiko mzuri hadithi za kuchekesha za kuwafunza watoto adabu. Utaratibu wake haukubadilika miaka yote. Alitega macho hadi aone kosa la mtoto fulani, kisha akalivika kosa lile ngozi ya mnyama. Mtoto aliyependa kunyakua kipande kikubwa sahanini alikuwa kuku aliyemeza kijiko, na tangu siku hiyo kila akipiga kwikwi tumbo lake lililia kama kengele, hata mwewe akawa anajua alipo. Mtoto aliyekataa kuoga alikuwa nguruwe ambaye kivuli chake kilimkimbia kikaenda kuishi na bata. Hadithi ikiisha, mzee aliuliza, "Kosa la nani?" nao wakajibu kwa kelele, "La kuku!" Mwenye kosa alicheka kuliko wote, kisha ghafla akatazama vidole vyake.

Palikuwa na sharti moja tu. Anayevunja adabu katikati ya hadithi hutozwa faini, na faini yake ni kusimama mbele na kusimulia hadithi yake mwenyewe.

"Babu, wewe unachapa bila fimbo," mama zao walimwambia, naye akaipokea sifa hiyo kama mtu anayepokea haki yake.

Binti yake wa pekee alishona sare katika kiwanda cha nguo na hakurudi hadi jioni. Mtoto wake wa kike, mwenye miaka sita na nusu, alishinda na babu yake. Alifanana mno na marehemu bibi yake kwa paji la uso na kwa jinsi ya kukunja midomo, ndiyo maana mzee alimwita Bibi Mdogo.

Kiwanda cha uchapaji ambacho fundi alikifanyia kazi ujana wake wote kilifunga milango mwaka ule. Badala ya kiinua mgongo akapewa masanduku matatu ya herufi za risasi za kuchapia, zilizokuwa hazina kazi tena. Vijana wanne waliyabeba kwa kupokezana, jasho likiwatiririka. Mzee akaelekeza yawekwe juu ya rafu, katikati, ambapo angeweza kuyaona. Rafu ilipoyapokea ilitoa mlio mfupi, kama mtu aliyekanyagwa kidole naye akaona haya kulia.

Juma lililofuata mwalimu wa shule ya jirani alileta daftari la mahudhurio lililoachana kurasa. Wazee wawili hao walikuwa wamezama katika mazungumzo pale sauti ndogo ilipotokea chini ya meza.

"Babu, mkasi unashuka."

"Tunazungumza, Bibi Mdogo."

"Lakini Babu, rafu—"

"Huoni nina mgeni?"

Mwalimu akacheka. "Fundi, hadithi zako zimeunyoosha mtaa mzima, ila kwako zimekwama mlangoni. Kinyozi hajinyoi!"

Ulikuwa utani tu, lakini ulimchoma mzee mahali pasipoonekana. Siku ile ile alichukua kalamu akaandika habari za Kasuku Mdakizi, aliyeyarukia maneno ya wakubwa yakiwa bado hewani, hata maneno yakagongana yakachanganyika. Kasuku akiomba maji, mdomoni linatoka neno la mtu mwingine, anapewa pilipili. Bibi Mdogo alicheka hadi machozi. Tangu siku hiyo hakumdakiza mtu tena.

Alisubiri kimya. Siku moja babu yake alipokuwa peke yake anashona, alimsogelea akamvuta mkono wa shati. Sindano ikaingia kidoleni.

"Unaona sasa? Damu!" mzee alisema. Na Jumamosi iliyofuata palikuwa na Tumbili Mvuta Mikono, aliyevuta mikono ya mashati ya wazee hadi ikarefuka ikaburura chini, wazee wakawa wanajikwaa sokoni. Watoto walibingirika mkekani. Juu yao kitu kidogo kilisema *kri*, kama jino linalosagwa.

"Panya," alisema Babu Gundi.

Kisha mistari ikaanza kuonekana ukutani. Ilikuwa mifupi, ya penseli, mmoja chini ya mwingine, nyuma ya mahali ulipoishia mkasi. Mzee aliufuta mmoja kwa kitambaa, akaudhika, akaiacha mingine, akaandika habari za Konokono Mchafua Kuta. Baada ya hadithi hiyo haukuongezeka mstari hata mmoja. Mtoto alirudisha penseli kwenye kopo lake, ncha ikiangalia chini, kama alivyofunzwa.

Asubuhi kwa asubuhi mzee alikuta unga mweupe wa ukuta juu ya mkeka. Akaufagia, akawalaumu mijusi. Tena aligundua jambo lililomfurahisha: zamani mkasi wake ulimfika puani, na sasa ulikuwa ukimgusa kidevu.

"Nadhani nimerefuka," alimwambia binti yake jioni moja.

"Wazee hawarefuki, Baba. Wanafupika."

"Basi mimi Mola amenipendelea."

Binti hakucheka. Alikuwa akimvua mtoto viatu. "Baba, mwanangu ananyamaza mno. Tazama kidole hiki. Kiatu kimembana njia nzima hadi damu ikatoka, na hakusema neno. Namwuliza kwa nini, ananiambia, 'Mama, ulikuwa unaongea na jirani.'"

"Hiyo ndiyo adabu. Samaki mkunje angali mbichi, na huyu amekunjika vizuri."

"Samaki anayekunjika hivi, Baba, huwa amekwisha kufa."

Mzee akamtazama mjukuu wake. Mtoto alikuwa ameketi wima, mikono magotini, macho yake yameelekezwa juu ya kichwa cha babu, penye rafu. Hakupepesa. Naye mzee, ambaye maisha yake yote aliishi kwa kutazama makosa ya watoto, hakugeuka kutazama mtoto anatazama nini.

Jumamosi ilifika. Watoto kumi na mmoja walijipanga mkekani, wamebanana kama kurasa, migongo yao ukutani. Bibi Mdogo alisimama kizingitini.

"Njoo uketi, mama," alisema Babu Gundi.

Mtoto akatikisa kichwa.

"Tunakungoja wewe tu."

"Sitaki kuketi hapo, Babu."

Mnong'ono ukapita mkekani. Kumkatalia babu mbele za watu! Mtoto wa fundi viatu, mdogo kuliko wote, aliziba mdomo kwa viganja viwili.

"Faini!" alipiga kelele mmoja.

"Faini! Faini!" wakaitikia wote wakipiga makofi, na mkasi ukatikisika kwenye uzi wake.

"Umesikia hukumu," mzee alisema, akijizuia kutabasamu. "Tupe hadithi."

Bibi Mdogo hakuingia ndani. Alishika mwimo wa mlango, akavuta pumzi.

"Palikuwa na rafu," alianza. "Rafu hiyo ilikuwa na adabu kuliko watoto wote. Siku moja ikabebeshwa masanduku matatu mazito. Ikachoka. Ikataka kusema, lakini watu wazima walikuwa wanazungumza, na kudakiza ni kosa la kasuku. Ikanyamaza."

Watoto wakaanza kucheka. Rafu yenye adabu!

"Ikataka kumvuta bwana wake mkono wa shati, lakini hilo ni kosa la tumbili. Ikachora ukutani. Ikaambiwa hilo ni kosa la konokono. Basi ikautuma mkasi: nenda kamwambie bwana, pole pole, usimguse. Mkasi ukashuka. Ukashuka. Ukashuka hadi kidevuni. Bwana wake akasema, 'Jamani, nimerefuka!'"

Kicheko kilipasuka. Mtoto wa fundi viatu alianguka juu ya jirani yake. Babu Gundi naye alicheka, kwa kuwa hadithi ilikuwa nzuri, kisha mkono wake ukapanda wenyewe hadi kidevuni.

"Na mwisho wake?" aliuliza, sauti yake ikiwa imepungua.

"Mwisho siujui, Babu. Uko juu yao."

Kisha, kwa kuwa ndiyo desturi, akauliza: "Kosa la nani?"

"La rafu!" "La mkasi!" wakapayuka watoto. Na mmoja, mwenye akili, "La bwana wake!"

Mzee aligeuza macho ukutani. Mistari sita ya penseli ilikuwa pale, na ncha ya mkasi ilikuwa imeipita yote kwa upana wa vidole viwili. Akapandisha macho kufuata uzi. Ubao ulikuwa umejipinda kama tumbo, na vyuma viwili vilivyoushika vilikuwa vimechomoka kwenye ukuta kiasi cha kidole kuingia nyuma yake. Unga mweupe ulikuwa ukidondoka, chembe kwa chembe, juu ya nywele za watoto.

Alijua kwamba akipiga kelele watainuka wote kwa mkupuo, migongo yao itagonga ukuta na ubao uchomoke. Akakusanya sauti yake yote ya usimulizi, ile ya miaka arobaini.

"Hadithi hii," alisema, "mwisho wake unasomwa barabarani. Mtambae kama paka, mmoja mmoja. Anayesikika hata nyayo, amekosa. Anayetoka kimya, ana kitabu kipya."

Wakatambaa. Mmoja. Wanne. Tisa. Bibi Mdogo alikuwa akiwapokea mlangoni, akiwavuta kwa nguvu mikono ya mashati yao. Wa kumi na moja alikuwa mtoto wa fundi viatu. Alifika kizingitini, akaona mguu wake mmoja hauna ndara, akarudi mbio mkekani kuifuata. "Pole pole, mwa—" alianza mzee.

"BABU!" alipiga ukelele Bibi Mdogo, akiyakata maneno ya babu yake katikati. "INAANGUKA!"

Mzee alimrushia mkono mtoto yule, akamsukuma kuelekea mlangoni. Mtoto alitoka. Mkono ulibaki.

Mfupa ulivunjika mahali pawili. Ukaunga, kwa rehema za Mola, lakini vidole vya kulia havikufunga tena juu ya sindano. Mwezi mzima Babu Gundi alikaa kitini huku herufi za risasi zikiendelea kuokotwa chini ya kila kitu. Kisha akaagiza afunguliwe kabati lenye nakala za vitabu vyake vyote, akavisoma kimoja kimoja kwa kuvifungua kwa mkono wa kushoto. Vilichekesha kama zamani. Ila sasa chini ya kicheko alisikia kitu kingine, kidogo, kikisema *kri*.

Alisimama kwenye kimoja: Mbuni aliyetangaza kwa majirani mambo ya kwao, manyoya yake yakapeperuka moja moja hadi akabaki uchi. Aliukumbuka uso wa msichana aliyeandikiwa hicho, miaka ishirini iliyopita. Alikuwa akija na mikono mirefu ya gauni hata wakati wa joto kali. Siku ile alicheka kidogo. Halafu hakuonekana akicheka tena, na kwao wakahama, na hakuna ajuaye walikohamia. Mzee hakuwahi kumwuliza mikono ile ilificha nini.

"Mbona unalia, Babu? Ni cha kuchekesha," alisema Bibi Mdogo, ambaye hakungoja amalize kusoma.

"Ndiyo, mama. Ndiyo maana."

Habari ikapelekwa mtaani kwamba vitabu vya kiganja virudishwe. Watoto walileta, na wengine walioleta walikuwa na watoto wao mgongoni. Mwalimu alileta vya shule, safari hii bila utani. Bibi Mdogo alikata vipande vya karatasi kwa ule mkasi, babu akamtajia maneno, akayaandika kwa herufi zake zilizopinda, akabandika kipande kimoja mwishoni mwa kila kitabu: *Lakini ukiona hatari, au ukiumizwa, sema. Sema hata wakubwa wakiwa wanazungumza. Vuta shati. Chora ukutani. Piga kelele.* Gundi ilimkaukia vidoleni, na mtaa ukaanza kumwita jina la babu yake.

Vingi vilirudi. Havikurudi vyote. Cha msichana yule hakikurudi.

Mwenyezi Mungu mwenye kusikia hata yasiyotamkwa amrehemu fundi huyu kwa alichokijua na kwa asichokijua, na auhesabu mkono wake uliovunjika kuwa ushahidi wa kheri siku mikono itakaposhuhudia. Amtie nguvu binti yake katika kazi yake na amrudishe nyumbani salama kila jioni. Amhifadhi mjukuu wake, amkuzie ulimi wake pamoja na adabu yake, asikipokonye kimoja kwa ajili ya kingine. Na yule aliyecheka kidogo, popote alipo, amjaalie mtu wa kumsikiliza. Amina.