Tangi Litatokaje?

“Mama, yule mwanamke anakula mshahara wa bure! Kutwa kuuliza ‘itakuwaje, itakuwaje’, hata mstari mmoja hajachora!”

Injinia mpya alikuwa ameshika upande mmoja wa kabati, mama yake kashika wa pili, wanalitoa chumbani ili ukuta upakwe rangi. Ulimi ulifanya kazi kuliko mikono.

Aliyekuwa akisemwa ni mkubwa wake ofisini, waliyembandika jina la Bi Itakuwaje. Binti alikuwa amechora mnara wa tangi la maji la wodi ya wazazi, kazi yake ya kwanza tangu atoke chuo. Ikipita, anaajiriwa, isipopita, arudi kukaa nyumbani bila kazi. Vyuma vilivyochomelewa kulizunguka tangi pande zote, paa juu, jua lisiliguse. Mchoro unang’aa! Bi Itakuwaje akautazama weee, akasema, “Hesabu zimenyooka, mwanangu. Tangi likipasuka, litatokaje? Usinijibu sasa. Nakudai jibu.”

“Tangi halijanunuliwa, yeye keshalipasua!” binti alifoka.

“Punguza mdomo, sukuma.”

Wakasukuma. Kabati likagoma mlangoni. Wakaligeuza, wakalilaza, wapi!

“Marehemu baba yako alilipigilia humu humu ndani,” mama akasema, anacheka na kuhema. “Alipima kila kitu, mlango akausahau.”

Binti naye akacheka, kisha kicheko kikamkauka. Tangi lake lilikuwa kabati lile lile. Yeye alikuwa akiliona jipya tu, siku zote jipya; Bi Itakuwaje alianza kulitazama kuanzia siku litakapoharibika.

Asubuhi alipitia kwanza hospitalini, akauzunguka uwanja, akamuuliza mfagiaji magari hupita wapi. Kisha mbio ofisini. Ashukuriwe Mungu, mafundi walikuwa hawajakata hata chuma kimoja.

“Upande mmoja tutafunga kwa bolti, na paa lifunguke,” alisema, jasho linamtiririka. “Tangi litatokea upande wa barabara, winchi inafika. Upande wa pili kuna dirisha la wazazi.”

“Umekwenda kuona?”

“Nimetoka huko sasa hivi.”

Bi Itakuwaje akachukua kalamu, akachora mstari wake wa kwanza: sahihi.

Binti akamgeukia mkubwa wake. “Mama, nisamehe. Jana nilikusema nyumbani.”

“Ulinisema vizuri lakini?”

“Vibaya sana.”

“Mimi mkubwa wangu nilimsema mpaka kwa majirani. Kaa unywe chai, deni langu umeshalipa.”