Somo la Beethoven, Darasa la Tano

Mwalimu wa muziki alikuwa na masikio mawili makubwa, mapambo matupu. Yalianza kumtupa mkono miaka miwili nyuma, naye kwa kiburi chake akawalaumu watu. Siku hizi kila mtu ananong'ona! Mkewe akimwambia aende hospitali, alijifanya hajasikia, kazi ambayo wala haikumtoa jasho.

Aliogopa kitu kimoja: mwalimu mkuu akijua, atamnyang'anya darasa na kumkabidhi ufunguo wa stoo, alinde madawati mabovu mpaka astaafu.

Siku hiyo aliwafundisha darasa la tano habari za Beethoven. Akawaeleza kwa mbwembwe jinsi bwana yule alivyotunga muziki huku masikio yameziba, na watu wakimwandikia kwenye daftari waliyotaka kumwambia.

"Hebu fikirieni, jamani! Mtu hasikii, na bado anasimama mbele za watu!"

Wala hakuona aibu, mtu mzima na mvi zake.

Akabonyeza spika, akafumba macho. Hakusikia kitu. Haidhuru, akajiambia, tena kuongeza sauti ya spika ni kujitangaza kuwa sisikii. Muziki wenyewe alikuwa nao kichwani, miaka ishirini anaufundisha. Akainua mikono, akaongoza: violini hapa, ngoma kule, tai ikamhamia begani. Watoto kimya kabisa. Moyo ukamjaa furaha. Leo nimewapata!

Alipofumbua macho, msichana wa dawati la mbele alikuwa amesimama, anamnyooshea daftari lenye herufi kubwa: UMEME UMEKATIKA.

"Tangu lini?"

Msichana akaandika: Kabla hujaanza.

"Sasa mbona hamkusema?"

Tulisema. Mara tatu.

Uso ukamwiva. Muda wote ule anapunga mikono kama anayefukuza nzi! Akatupa jicho mlangoni. "Na mwalimu mkuu je, anajua?"

Safari hii msichana aliandika bila haraka: Sisi tunajua tangu darasa la nne. Hatujamwambia mtu. Ila nenda hospitali, mwalimu.

Akavuta kiti, akaketi, akacheka huku machozi yanamtoka. Kengele ilipolia, watoto walimwonyesha kwa mikono kuwa imelia. Akaenda mwenyewe kwa mwalimu mkuu, akasema yote, akaomba ruhusa ya hospitali.

Jioni alipita dukani, akamnunulia mkewe daftari.