Makali ya Kitrekta cha Nyasi

Kisu kinachonyoa nywele za mkono saa mbili asubuhi kinawezaje kushindwa na majani kabla ya saa sita mchana? Niliporudi Bariadi likizo kutoka chuo kikuu, swali hilo lilikuwa linamnyima mjomba wangu raha, na mimi sikuwa na jibu la kumpa. Nilikuwa na washukiwa tu.

Mjomba alikuwa dereva na fundi wa mashine ya kukata nyasi katika kiwanda cha kuchambua pamba. Ilikuwa mashine ya kukalia, yenye usukani, na watu waliiita kitrekta. Meneja wa zamani aliiacha alipoondoka, kiwanda kilipofanywa mali ya umma. Kwake ilipendezesha bustani. Kwetu ilikuwa na kazi nzito zaidi. Kiangazi pamba ilirundikwa nje ya ghala ikisubiri malori, mikokoteni ya ng'ombe ikizidi kuingia kutoka Zagayu na Mwamapalala, na nyasi kavu kuzunguka ghala zilitakiwa kukatwa hadi chini. Cheche moja ingetosha.

Lakini nyasi hazikukatika. Zilichanwa tu, zikabaki zimelala na ncha nyeupe. Kila mchana mjomba alikifungua kisu na kukikuta kimepukutika makali, kimekuwa meno meno.

"Ndugu dereva, nyasi zimekushinda?" katibu wa tawi la chama pale kiwandani alimuuliza mbele ya wapakiaji.

"Si mimi, ndugu katibu, ni kisu. Asubuhi nimekinoa na wewe umeona."

"Nimeona. Sasa makali yamekwenda wapi? Yamepanda basi la Shinyanga?"

Watu wakacheka. Katibu hakucheka. "Asiyetaka nyasi hizi zikatwe anaitakia nini pamba ya wakulima? Hiyo inaitwa hujuma. Nakupa mpaka Jumamosi."

Siku zile neno hujuma halikuwa la mzaha. Mtu aliweza kupoteza kazi kwa neno hilo, na wengine walipoteza zaidi.

Mimi nilimshuku katibu. Shemeji yake alikuwa ameanza kujifunza kukiendesha kitrekta, na kila asubuhi, baada ya kisu kunolewa na kufungwa, mashine ilisukumwa hadi nyuma ya ofisi yake kutiwa petroli, mjomba akisubiri mlangoni. Nani alijua kilichotendeka huko nyuma? Nilimshuku pia mwenye duka aliyetuuzia tupa ya kunolea. Kisha nikashuku kuna mtu anamwaga mawe uwanjani. Nikatembea uwanja mzima nimeinama, nisione kitu zaidi ya changarawe nyekundu iliyotapakaa Bariadi yote.

"Msomi wangu," mjomba alisema, "wewe hata ng'ombe utamshuku kwa kutoa maziwa."

"Mjomba, kuna mtu anakigusa kisu chako."

"Basi mkamate."

Jumamosi nilikaa naye tangu stoo ilipofunguliwa. Alichomoa waya wa plagi mashine isije ikawaka yenyewe, akaiinamisha, akafungua nati, akakibana kisu kwenye jiliwa. Akakipiga tupa, akamalizia kwa kinoo kilicholowa maji, polepole, mpaka ukingo ukawa mwembamba kama wembe. Akakining'iniza kwenye msumari aone kama pande zote zina uzito sawa. Katibu, aliyekuja na wazee wa kamati ya tawi kushuhudia, akaukunja mkono wa shati, akapitisha kisu, nywele zikadondoka.

"Leo hata mimi nakiogopa," akasema.

Wakati wa kutia petroli nilisimama karibu na mashine, katibu akaniangalia, akaniita kwa Kisukuma kama mwanamke anavyoitwa kwa heshima. "Mayu, unanilinda mimi?"

"Nalinda kisu, ndugu katibu."

"Vizuri. Kilinde sana."

Hakuna aliyeinama chini ya mashine. Mjomba akapanda, akaondoka. Mstari wa kwanza ulitoka safi kama zulia. Wa pili ukaanza kuwa na mikwaruzo. Alipofika kona ya ghala nyasi zilikuwa zinalala tu na kuinuka tena nyuma yake. Akazima, akainamisha, na sote tukayaona yale meno.

Katibu hakumtazama mjomba. Alinitazama mimi.

"Ndugu msomi, ulikuwepo muda wote?"

"Nilikuwepo."

"Kuna mtu mwingine aliyekigusa?"

Nilitafuta jina. Sikulipata.

"Hakuna," nikasema, na wazee wa kamati wakageuza nyuso zao kwa mjomba.

Hawakumpeleka polisi. Walimpeleka kubeba marobota ya pamba, na nyasi zikakatwa na kinamama kwa mafyekeo. Mjomba aliendelea kula kwetu Jumapili, ila kitrekta hakukitaja tena, na alipofariki bado wapo waliomwita mhujumu kwa sauti ya chini.

Miaka mingi baadaye, katika duka la vipuri ugenini, nilishika kisu kipya cha mashine ya aina ile. Nikapitisha kidole, nikaona ni butu, nikamwambia muuzaji amepokea mali mbovu. Hakikuwa kibovu. Visu hivyo hukata kwa kasi ya kuzunguka, na hutoka kiwandani vikiwa na ukingo mnene ambao mtu anaweza kuushika kiganjani bila kujikata; vikinolewa kama wembe, vumbi na changarawe huvimaliza asubuhi moja.