Joka Lililopigiliwa Misumari

Niliolewa Ujiji nikitokea Ilagala, na siku ya harusi nilipelekwa kwa mume nikiwa nimepanda joka. Wajukuu zangu wanapenda nianzie hapo. Wanatoa macho, wananiuliza kama lilikuwa linauma, nami nawajibu kwamba mwenye kuuma siku ile nilikuwa mimi.

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa, Ilagala tuliletewa fundi wa mashua kutoka Norwei. Alikuwa mrefu, pua imeungua kwa jua, na Kiswahili alikuwa nacho cha kutosha kugombana na watu. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha wavuvi wa kijiji kujenga mashua za mbao zinazopishana kama magamba ya samaki. Baba yangu alikuwa kiongozi wa kundi la wavuvi, kwa hiyo Mnorwei alikula kwetu mpaka mama akaanza kumgombeza kama mwanawe.

Ukimpa ugali wa muhogo na migebuka, samaki wa ziwa letu, iliyoungwa kwa mawese, hakukosa kuleta habari za babu zake. Babu zake walikuwa Waviking, watu wa mashua, waliovuka bahari za baridi zamani sana huko.

"Walikuwa wanafuata nini?" baba alimwuliza siku moja.

"Biashara. Na mara nyingine waliiba."

"Kumbe wezi!"

"Wengine wezi, Mzee, sikatai. Wizi wao nimewaachia wenyewe. Mimi nimechukua yale mazuri."

Na kweli aliishi kwa hayo mazuri, hata sisi tukayazoea. Mtu akipita mlangoni kwake, awe ametoka ng'ambo ya ziwa au kijiji cha pili, alilishwa kwanza, ndipo aulizwe ametoka wapi na anataka nini. Akiahidi kitu, kilikuwa kimekwisha kufanyika. Hakulalamika, hata nyundo ilipomponda kidole akaishia kuwa mwekundu tu. Na kila Jumamosi alijisugua ziwani kama anayesugua sufuria, akatuambia kwamba kwao Jumamosi tangu zamani ni siku ya kuoga. Mama akamwuliza kwa upole kabisa kama siku nyingine kwao maji hukatika.

Kuhusu mikutano ya kijiji alisema babu zake nao walikuwa wakikaa uwanjani, kila mtu akasema lake. Baba alifurahi mno. "Basi walikuwa na ujamaa!" Mnorwei akakuna kichwa, akasema ndiyo, wao kwa wao. Majirani zao ndio hawakuuona.

Mashua ya kwanza ilipokwisha, alituonyesha kitu alichokuwa akikichonga jioni kwa jioni, kichwa cha joka cha mti wa mninga. Kina meno, kina macho ya kutokeza, ulimi nje. Sijaona kazi ya mkono nzuri kama ile. Kilichomekwa mbele ya mashua, na alisema siku ya kurudi kwao atakibeba akakitundike mlangoni kwa mama yake. Ila kilikuwa na masharti. Babu zake walikisimamisha wakiwa majini tu. Wakikaribia nchi ya watu wema walikichomoa, maana ni utovu wa adabu kumwendea mwenyeji ukiwa umemtolea meno. Basi kila mashua iliporudi ufukweni, tulimwona Mnorwei akichomoa joka lake na kulikumbatia kwapani kama kuku wa sokoni, akaenda nalo nyumbani. Tulicheka hadi tukachoka kucheka.

Sasa nije kwangu. Mchumba wangu alikuwa kijana wa reli pale stesheni ya Kigoma, yatima aliyelelewa na bibi yake Ujiji. Nilimpenda, na sioni sababu ya kuzunguka. Bibi yake ndiye alikuwa mlango. Asipokubali yeye, hakuna harusi, na mchumba wangu alishaniambia waziwazi kwamba hawezi kuoa kwa machozi ya mwanamke aliyemlea. Bibi huyo hakutaka hata kusikia jina la Ilagala, kwa kuwa mume wake alichukuliwa na mamba mdomoni mwa mto Malagarasi, hapo hapo kwetu Ilagala, wakiwa bado vijana, na hakukuonekana hata cha kuzika. Baada ya kubembelezwa sana akasema haya, binti aje, nikahi ifungwe Ujiji nyumbani kwake, yeye huko hakanyagi. Akaongeza neno moja: "Asiniletee chochote cha mto ule."

Mnorwei aliposikia, alisimama pale jikoni kwa mama akaniahidi: "Nitakufikisha kwa mume wako kwa mashua yangu. Utaingia kwa heshima." Nilijiona malkia.

Wiki ya harusi homa ikamwangusha. Akiwa amelala, baba, kwa mapenzi yake yote, akaamua kuiandaa mashua mwenyewe. Akaipaka mafuta, akafunga vitambaa vya rangi, akaenda nyumbani kwa mgonjwa akachukua joka ili mwanawe asindikizwe kifalme. Akalichomeka. Likacheza kwenye tundu lake. Baba yangu alikuwa mvuvi tangu utoto, na kwa mvuvi wa kwetu kitu kinachocheza kwenye chombo ni kifo kinachokuja. Hakuuliza mtu. Akachukua nyundo.

Alfajiri ya safari Mnorwei alikuja amekonda lakini amevaa shati safi. Akaona joka lake limesimama mbele, akampa baba mkono kwa kumshukuru. Baba akatabasamu kama mtu aliyefanya jambo. Tukaondoka, mimi katikati na shangazi yangu, nimefunikwa khanga, wavuvi wakipiga makasia na kuimba. Ziwa lilikuwa tulivu. Nilikula vitumbua vya shangazi njia nzima kwa raha niliyokuwa nayo.

Alasiri tukaiona Ujiji. Ngoma zilikuwa zinatusubiri ufukweni, na vigelegele vilianza tukiwa bado mbali. Kisha vikapungua. Kisha vikakoma kabisa, ikabaki ngoma moja ya mtu asiyeelewa, nayo ikanyamaza.

Nilifunua khanga. Mbele ya watu wote alisimama bibi wa mchumba wangu, mfupi, mwembamba, amenyoosha mkono.

"Rudisheni! Nilisema nini mimi? Nilisema nini? Mnaniletea mamba tena?"

Wallahi, hapo ndipo nilipoliona lile joka kwa macho yake. Meno, macho ya kutokeza, linatoka majini, linatokea upande wa Malagarasi. Mchumba wangu alikuwa nyuma yake na kanzu yake nyeupe. Alinitazama mimi, akamtazama bibi yake, akainamisha kichwa. Sikumlaumu, lakini roho iliniuma jamani, iliniuma. Nikaanza kufoka. Nilimfokea Mnorwei na joka lake, nikamfokea shangazi aliyesema tumwachie Mungu.

"Acheni makasia," Mnorwei akasema. "Nakitoa. Ni kosa langu, nilipaswa kukitoa mapema." Akaenda mbele, akakishika kichwa shingoni, akavuta. Akavuta tena. Akaweka mguu akavuta kwa nguvu zote, mashua nzima ikayumba.

Baba alikuwa anatazama maji.

"Usihangaike, Bwana," akasema kwa sauti ndogo. "Nimepiga misumari."

"Mingapi?"

"Yote tuliyokuwa nayo."

Siku zile msumari ulikuwa adimu kuliko sukari. Ile ilikuwa akiba ya kijiji kizima. Mnorwei alimwangalia baba, na nilidhani leo ndiyo siku atakayotukana kwa lugha ya babu zake. Badala yake alicheka, kicheko kifupi, halafu kikaisha. Akalishika lile joka kidevuni kama mtu anavyomshika mtoto. Huku ufukweni watu wa bibi walikuwa wameanza kugeuka kuondoka.

Akaniuliza, "Nilikuahidi nini?"

"Kunifikisha."

Akaomba shoka.

Shangazi alifumba macho. Mimi nilitazama, kwa sababu yale yalikuwa yanafanywa kwa ajili yangu, na aibu ya kugeuza uso niliiona kubwa kuliko huzuni. Mninga ni mti mgumu. Alikata shingo ya kazi yake mwenyewe bila kusema neno, jasho la homa linamtoka, na pua yake ilikuwa nyekundu kuliko siku zote. Hasira yangu yote iliniishia nikamlilia kama nimefiwa. Baba naye alilia, huku akisema anaingiwa na maji ya makasia machoni, wakati makasia yalikuwa yamelala.

Kichwa kilipokatika, Mnorwei aliruka majini nacho kwapani, akatembea mpaka kwa bibi, akapiga magoti kwenye mchanga na lile shati lake safi.

"Shikamoo, bibi. Babu zangu walikuwa na sheria. Ukifika kwa mwenye nchi, unatoa meno. Mimi nimechelewa. Binti hana kosa, na baba yake alitaka tu lisianguke."

Bibi hakuitikia. Aliinama, akaingiza vidole katikati ya yale meno, moja baada ya jingine, polepole.

"Haumi tena?"

"Haumi tena, bibi."

Akakichukua kile kichwa, akakilaza chini, uso wake ukafukiwa mchangani. Halafu, mbele ya Ujiji nzima, akageuka, akakusanya khanga yake, akakikalia. Akajitengeneza vizuri. Akatuangalia sisi tulioduwaa kwenye mashua.

"Marahaba," akasema. "Vigelegele viko wapi? Au wali upoe?"

Nikahi ilifungwa kabla ya magharibi. Mnorwei alikula mpaka wapishi wakamtania. Bibi alikataa katakata kuachana na kichwa chake. Kikawa kigoda chake cha uani, akichambulia mchele juu yake, akinywea chai juu yake, na akikaa alikuwa anagonga kidogo na kisigino kama anamkumbusha mtu jambo. Mnorwei alipokuja kutuaga, mkataba wake umekwisha, bibi alinyanyuka bila kuambiwa, akamsogezea: chukua, ni chako. Yeye alikaa mkekani, akasema babu zake hawajapata kuwa na joka lililofanya kazi nzuri hivi, na mama yake mlango anao tayari, hata bila joka.

Bibi naye akaishika ile sheria kuliko Mviking yeyote. Mmeshaona mimi ni mkali. Nilikuwa nauza dagaa sokoni, na soko lina mambo. Nikirudi nimefura, kabla sijavuka kizingiti nasikia kutoka uani: "Wee! Rudi nje ukatoe kichwa." Mume wangu akitoka stesheni amegombana na mkubwa wake, ni hivyo hivyo, na mtu mzima wa reli alikuwa anageuka anasimama barazani kama mwanafunzi aliyechelewa. Mwanzoni niliona ni uonevu. Baadaye nikaona nyumba yetu haina kelele za jioni kama za majirani, nikanyamaza.

Miaka ilipita, bibi akazeeka sana, macho yakafifia, lakini uani alikuwepo, juu ya mamba wake. Siku moja nilitoka sokoni na hasira tele. Mwenzangu alikuwa amenitolea neno mbele ya wateja, neno ambalo hata leo siliandiki. Nilifika mlangoni mguu umeshanyanyuka. Nikaurudisha. Nikaweka beseni chini, nikasimama nje nikiwa nimeuelekea ukuta, napumua.

Akanisikia.

"Ni wewe, mwanangu? Mbona huingii?"

"Natoa kichwa, bibi."

Nikasikia kisigino chake kikigonga mninga.

"Kimepigwa misumari?"

"Cha leo, ndiyo."

"Basi usikivunje shingo," akasema. "Kitoe taratibu. Nimekufunikia chakula, nami sijala, nakungoja."