Feni ya Bafuni

Fundi wa umeme aliyekuja kutubadilishia feni ya bafuni alikuwa mama mnene, mwenye sauti ya chini kama anayembembeleza mtoto alale. Aliijaribu testa yake ya kupimia umeme kwanza kwenye soketi yenye umeme, aone kama ni nzima. Kisha akazima swichi kuu na kuibandika utepe mwekundu. Hata hivyo, kila alipotaka kugusa waya alipima upya.

“Si umepima sasa hivi, dada?” nikamuuliza.

“Na nitapima tena, mdogo wangu. Humu mna maji.”

Jikoni, mama mkwe alikuwa akinung’unika kwamba nyama itaharibika kwenye friji. Bila kutuambia kitu, alibandua utepe, akawasha. Fundi alikuwa juu ya ngazi, amenyoosha testa kuelekea waya zilizo wazi. Taa ndogo ya testa ikawaka. Akarudisha mkono polepole, akashuka, akakaa ukingoni mwa bafu.

“Bado tu?” mama mkwe akauliza mlangoni.

“Mama,” fundi akajibu kwa sauti ile ile ya chini, “ungeniua.”

Mama mkwe akageuka hapo hapo. Alikwenda kuzima, akaburuta kiti hadi kwenye swichi, akaketi, na fundi akapanda tena ngazi. Mume wangu aliporudi na kunyoosha mkono awashe, mama yake alimpiga kofi mkononi.

“Acha! Kuna mtoto wa watu juu ya ngazi!”