Mstari wa Mama na Saa za Sydney

Enzi zetu, na nyinyi mliolelewa kwenye landhi za reli, zile nyumba za wafanyakazi, mtanielewa, saa ilikuwa ya baba lakini wakati ulikuwa wa mama. Baba alifanya kazi stesheni, na alikuwa na saa ya mkononi yenye mkanda wa ngozi uliochakaa. Kila asubuhi aliitia ufunguo akiwa amesimama mlangoni, polepole, huku sisi tumenyamaza kana kwamba anasoma sala. Hakuna mtoto aliyethubutu kuigusa. Ukimuuliza ni saa ngapi alikujibu mpaka dakika, halafu akakuuliza unaharakia wapi.

Mama hakuwa na saa, alikuwa na ukuta wa jikoni. Ukuta huo ulitazama machweo, umepakwa chokaa, na paa la mabati lilitokeza mbele yake kufunika kibaraza. Mchana wote ulikuwa kivulini. Alasiri jua lilianza kuingia chini ya paa, likaugusa ukuta miguuni, kisha likapanda kidogo kidogo. Juu kabisa, karibu na paa, mama alikuwa amechora mstari kwa mkaa. Sheria ilikuwa moja tu. Jua likifika kwenye mstari, kila mtoto awe nyumbani, amenawa miguu, na maji yawe yametekwa na kujaa mtungi. Siku za mawingu mama alikisia, na makisio yake yalikuwa makali kuliko jua lenyewe.

Landhi nzima ilitegemea ukuta wetu. Tukiwa uwanjani tunacheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, tumejaa vumbi hadi kwenye kope, utasikia mama wa nyumba ya tatu anapaza sauti: "Jua limefika wapi kwa Mama Wakio?" Wakio ndiye mimi. Basi mmoja wetu atakimbia kuangalia, na akirudi atasema bado, hata kama jua limebakiza upana wa kidole. Tulicheza brikicho ya kujificha na kutafutana, tulicheza bano kwa gololi zilizopasuka, tulipika kalongolongo kwa udongo na majani, na chakula hicho tulikila kwa macho. Harufu ya moshi wa kuni ikianza kutoka majikoni ulijua muhogo uko jikoni, na kwamba jua liko karibu na mstari. Hata leo nikisikia harufu ya muhogo unaochemka na chumvi miguu yangu inataka kukimbia nyumbani.

Shuleni kengele yetu ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa kwa waya. Kiranja akikigonga meno yalitikisika. Jumapili tulikwenda ibada ya kwanza, na huko hakuna aliyejali kengele wala mstari. Ibada iliisha, yakaja matangazo, na matangazo ya kanisani kwetu hayajawahi kuwa mafupi. Nani amefiwa, nani anaoa, mchango wa mabati umefika wapi, ng'ombe wa nani ameingia shamba la kanisa. Tulijipinda kwenye mabenchi tumbo likinguruma, na mama alitubana mapaja bila kugeuza uso. "Hakuna mtoto wangu atakayetoka kabla ya amina ya mwisho," alisema. Na hatukutoka, miaka yote.

Lakini siku ninayoikumbuka kuliko zote ni siku ya kufunga shule. Tulirudi na ripoti zetu, nzuri na mbaya, na watoto wote wa landhi walikusanyika mbele ya jiko letu. Mama alitoka na kigoda, kitambaa kibichi na kipande cha mkaa. Alipanda juu ya kigoda, akaufuta ule mstari wa zamani, kisha akachora mwingine juu zaidi, kama upana wa kiganja. Wenzangu, kiganja kile kilikuwa utajiri! Kilikuwa mechi nzima ya kati, au safari ya kwenda na kurudi mtoni. Tulipiga makofi mpaka kuku wakatawanyika. Shule zilipofunguliwa mama alipanda tena kigoda na kuushusha, na sisi tukaguna kama wazee wenye maumivu ya kiuno.

Baba hakuupenda mchezo huo. Siku moja alisimama pale na saa yake akasema, "Mama Wakio, wakati hauchorwi." Mama akamjibu bila kushuka kwenye kigoda, "Jua ni la Mungu. Mstari ni wangu." Baba alicheka hadi akakaa chini.

Sasa niambieni, mtu aliyelelewa hivyo anawezaje kuchanganyikiwa na saa za Sydney? Nilichanganyikiwa. Oktoba yangu ya kwanza hapa Campbelltown hakuna aliyenikumbusha kwamba saa zinasogezwa mbele. Mimi na mume wangu tulivaa vizuri, tukafika kanisani tukijiona watu wa kushika wakati, tukakuta waumini wameshika vikombe. Mchungaji akatukaribisha chai kwa huruma. Aprili ziliporudishwa nyuma wengi wetu tulisahau tena, na kwa mara ya kwanza katika historia ya ushirika wetu Waafrika tulifika kabla ya aliyebeba ufunguo wa mlango. Tulikaa nje kwenye ngazi tukitazamana, hatujui tufanye nini na wakati wote ule.

Kwetu saa huanza na jua. Likichomoza tunahesabu, na saa moja ni saa ya kwanza ya mwanga. Hapa waliponiambia kwamba jua liko palepale lakini saa imehama, nilimtafuta mwenye kigoda nisimwone.

Nilicheka mwaka ule wa kwanza. Kicheko kilikatika nilipopata mtoto. Binti yangu Mghoi ana miaka tisa. Kiswahili anakisikia chote, ila ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza. Mtu mmoja tu duniani humtoa Kiswahili mdomoni, naye ni nyanya yake, kwa sababu nyanya akijibiwa Kiingereza husema mtandao umekatika. Huongea Jumapili saa kumi na moja jioni, kabla sijaondoka kwenda zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi ya uuguzi. Wakati wa baridi kule nyumbani huwa ni saa nne asubuhi, mama amesharudi kanisani, amevua viatu, sauti yake tamu. Saa za hapa zikisogezwa mbele, saa kumi na moja yangu inakuwa saa tatu yake, naye bado yuko benchini anasikiliza matangazo, simu imezimwa. Siku nyingine mimi niko zamu, mtoto ana shule, na mama yuko shambani. Kwa hiyo kila Oktoba tulikuwa tunampoteza nyanya mpaka Aprili, na kila Aprili Mghoi alianza tena na "shikamoo" kama mgeni. Mama anazeeka. Iliniuma, nasema wazi.

Ndiyo maana mwaka huu, mjadala ulipozuka kwenye chai baada ya ibada, kwamba saa ziendelee kubadilishwa au ziachwe, nilikuwa wa kwanza kusema ziachwe. Mama Furaha, jirani yangu kutoka Bukavu anayefanya kazi ghalani, akaweka kikombe chini.

"Apana, mama Mghoi! Miye napenda iyi saa ya été, ya wakati ya joto. Natoka ku warehouse, jua iko bado, naingia mu bustani yangu, nalima lengalenga. Ukiniondolea iyo saa moja, utanipa nini?"

Kulikuwa na kijana mmoja wa Nairobi, mwanafunzi anayepanga chumba kule Kensington, ambaye hakuinua macho kutoka kwenye simu. "Auntie, si simu inajichange yenyewe? Hata sijuangi ikihappen. Stress ya nini?"

Nilimtazama nikamwonea huruma. Vijana wa siku hizi wanasogezewa maisha wakiwa wamelala, wakiamka wanauliza kifungua kinywa kiko wapi. Hata kuguna hawaguni.

Jumapili ya mwisho kabla ya saa kusogezwa nilimwambia mama kwamba tutaonana Aprili. Akauliza, "Nani anaisogeza?"

"Serikali, mama."

"Kwa sababu gani?"

"Wanasema watu wapate jua la jioni. Watoto wacheze nje baada ya shule."

"Watoto wacheze?" Sauti yake ilichangamka. "Basi hao watu wana akili. Waache wasogeze." Akakata simu, nami nikabaki nimeshika yangu, nimeudhika, maana nilitarajia mama anisaidie kulalamika.

Jumapili iliyofuata, saa kumi na moja za Sydney, nilikuwa jikoni naosha chombo cha chakula changu cha zamu. Jua lilikuwa bado kali uani na Mghoi alikuwa nje anapiga mpira kwenye uzio. Simu ikalia. Alikuwa mama, kwa video, na kama kawaida niliona paji la uso tu na kipande cha kilemba cha kanisani.

"Mama! Si uko ibadani?"

"Nimetoka."

"Umetoka kabla ya amina ya mwisho?"

"Amina ya ibada nimeitikia," alisema. "Nimetoka wakati wa matangazo. Matangazo si Injili. Ng'ombe akiingia shambani nitaambiwa tu. Mwite mtoto."

Nilicheka hadi nikashika sinki. Mghoi aliingia anahema, akaanza, "Hi Nyanya, guess what..." na mama akasema mtandao umekatika. Mghoi akavuta pumzi. "Shikamoo Nyanya. Nilikuwa nje. Bado kuna jua."

"Marahaba mke mwenza. Ngoja nikuonyeshe jua la huku."

Picha ikayumba, tukaona kuku, tukaona kandambili, kisha ukuta. Haukuwa ule wa jikoni. Ulikuwa ukuta wa mbele, unaotazama macheo, ambao asubuhi kivuli cha paa hushuka juu yake jua linavyopanda. Palikuwa na mistari miwili ya mkaa, mmoja usawa wa kifua chake, mwingine chini yake, usawa wa kiuno. Kivuli kilikuwa kimefika sawasawa kwenye ule wa juu.

"Huu wa juu ni wakati wenu wa joto," mama alisema. "Huu wa chini ni wakati wenu wa baridi. Kivuli kikifika, nipo nimekaa. Serikali yenu isogeze inavyotaka."

Mghoi akauliza, kwa Kiswahili, bila kusukumwa, "Nyanya, unaweza kuchora saa?"

"Jua ni la Mungu, mjukuu wangu."

Nilimalizia mimi ile nusu nyingine.

Saa ya baba iko kwenye droo yangu. Ilisimama zamani na hakuna anayeitia ufunguo. Siku hizi simu zinajua kila kitu, wakati unahama usiku tumelala, na asubuhi tunaupokea bila kumwona aliyeuhamisha. Enzi zetu tulimwona. Alipanda juu ya kigoda mbele ya macho yetu, mkaa mkononi, akatuongezea kiganja kimoja cha jua, nasi tukampigia makofi.

Jumapili ile nilimpigia makofi tena, jikoni kwangu Campbelltown, mikono imelowa sabuni. Mghoi naye akaweka mpira chini, akapiga.