Kiti Kinachonesa

Mdogo wangu anaitwa Kaza, na jina hilo hakupewa na wazazi. Alipewa na wapita njia waliokuwa wakimsikia akiwafokea wasaidizi wake karakanani: "Kaza! Kaza tena! Kitambaa kikilegea, mteja anadhani na wewe umelegea!" Ni fundi makochi. Makochi ya nusu ya mji huu yamepita mikononi mwake, na ya nusu nyingine yangepita kama wenyewe wangekuwa na akili. Hayo ni maneno yake, lakini mimi dada yake siyapingi.

Kazi hiyo aliipata kwa ubishi. Baba alitaka sote tushone magauni. Mimi nikakubali, nikashona mpaka macho yalipokataa. Yeye aliketi kwenye cherehani asubuhi moja, akashona mkono wa gauni, akauinua, akautazama, akasema, "Kitu hiki kinaning'inia tu. Hakina mifupa." Akaondoka. Tulimkuta jioni kwa fundi makochi wa jirani, amepiga magoti, misumari midogo imejaa mdomoni, anavuta kitambaa juu ya fremu ya mbao na mishipa ya shingo imemtoka. Mama alilia. Alisema nani ataoa msichana anayetafuna misumari. Aliolewa, tena kabla yangu mimi niliyekuwa nikitafuna karanga kama watu wengine.

Sheria yake ya kazi ni moja: kiti kizuri hakina mkunjo. Akimaliza kochi hufumba macho na kupitisha kiganja juu ya kitambaa taratibu, na akikuta kijimkunjo cha kitu gani sijui, huchomoa pini zote za upande ule akaanza upya. Nimemwona akimrudisha mteja nyumbani mikono mitupu, na gari la kubebea limeshapaki nje, kwa sababu ya mkunjo ambao mimi na miwani yangu hatukuuona. Nawaeleza haya ili mjue ni mtu wa namna gani aliyekuja kutengeneza kile kiti cha mtoto.

Binti yake ni msusi. Ana kiti chake katika saluni iliyo kona ya barabara ya soko, yenye vioo vikubwa na wateja wanaosubiri mpaka kibarazani. Alianza pale kwa kufagia nywele, akapanda mpaka wateja wakawa wanamfuata yeye, si saluni. Alipojifungua, mwenye saluni alimshikia kiti chake. Ni mwanamke mwema, ila mdomo wake hauzungushi maneno. Binti aliporudi kazini na mtoto mgongoni, yule mama alivumilia kidogo, kisha akamwita pembeni. Nilikuwepo, nimefunikwa taulo nikisubiri kuoshwa nywele, nikasikia kila neno.

"Mwanangu, unainama na pasi ya moto, na mtoto anachungulia begani kwako. Akinyoosha kamkono kale, mimi na wewe tutasema nini?"

"Nikimlaza chini anatapika maziwa, mama. Na kukaa bado hajajua."

"Na kumwacha nyumbani?"

"Chupa anaikataa kabisa. Anataka mimi."

"Basi mtafutie mahali pa kutulia humu ndani. Nakupa mpaka mwisho wa mwezi. Nikimwona bado yuko mgongoni, kiti nitampa mwingine, na tutabaki kupendana."

Hakusema kwa ubaya, na alikuwa na haki. Lakini binti yule bila kiti kile angeanza tena kufagia, kwenye saluni ya mtu mwingine, na mtoto akiwa bado mgongoni. Alikuja karakanani kwa mama yake macho mekundu. Kaza alikuwa anavalisha stuli, hata kichwa hakuinua.

"Huyu analia nini, dada?"

Nikamweleza.

"Kwa hiyo mjukuu wangu amekosa kiti. Na mimi hapa nafanya biashara gani, nauza nyanya?"

Kazi ya fremu Kaza akampa Cheche. Huyu ni shemeji yetu, mdogo wa marehemu mume wangu. Ni fundi wa kuchomelea, anatengeneza mageti ng'ambo ya barabara, na tangu azaliwe hajawahi kufanya kitu chepesi. Alileta fremu ya nondo, ameibeba begani kama mtu anayehama.

"Hii hata ng'ombe akikalia," alisema, "ng'ombe ndiye atakayeumia."

Kaza akaikanyaga kwa mguu. Haikutikisika.

"Shemeji, mtoto amefanya kosa gani mpaka umfunge jela?"

"Si ulisema fremu imara?"

"Nilisema fremu inayonesa! Kinachomtuliza mtoto mgongoni kwa mama yake si mgongo. Anatulia kwa sababu mama anasogea. Sasa mama akisimama kufanya kazi, kiti ndicho kisogee badala yake."

Cheche akarudi kwake akinung'unika, akaja na fremu ya nondo nyembamba. Ile ilinesa mara moja, ikainama, ikabaki imeinama hivyohivyo kama mtu anayetafuta sindano. Ndipo Kaza alipokumbuka viti chakavu vya basi vilivyokuwa vimelala nyuma ya karakana. Ndani yake mna fimbo za chuma cha springi, ukizikunja zinarudi zenyewe. Wakazitoa. Cheche akazikunja polepole, akazipa umbo: chini duara pana la kukaa sakafuni, na kutoka hapo mikono miwili mirefu inapanda kwa mshazari kwenda kushika kiti. Maungio akayachomelea. Kwa kweli kilipendeza. Ukikiminya kinashuka, ukikiachia kinapanda, kinapumua kama kiumbe.

Binti alitaka kumweka mtoto palepale. Kaza akamzuia kwa kiwiko. Akachukua mfuko wa unga, akaufunga kwenye fremu kwa mikanda, akaanza kuunesesha kwa kidole huku anazungumza na mteja wa mapazia. Maneno ya mapazia hayakuwa yamekwisha tuliposikia *tak!* Mkono mmoja ulikuwa umekatika, mfuko umepasuka, na Cheche amesimama katikati akiwa mweupe mpaka kwenye nyusi.

Hakuna aliyecheka. Binti alikuwa amemkumbatia mtoto, anatazama pale unga ulipomwagika, na sote tulijua anamwona nani pale chini.

Cheche alichomelea upya, mara hii kwa uangalifu wote alio nao. Kikakatika tena, sentimita chache kutoka palepale. Akaokota vipande, akavipeleka nje kwenye mwanga, akavitazama kwa muda. Alipoingia ndani sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Chuma hiki hakitaki moto. Kila nikikichoma, pembeni mwa kiungo kinakuwa kama biskuti."

"Basi usikichome," alisema Kaza.

"Na mimi bila moto ni nani?"

"Ni shemeji," nikamwambia. "Shika spana."

Wakafunga maungio kwa vibano vya chuma, vile vya kukaza kwa bolti na nati. Cheche akawa anazifunga nati kama mtu anayelishwa dawa. Alikuwa hajamaliza, Kaza akaminya kiti kwa papara, na kibano kimoja kikateleza nyuma kidogo kwenye fimbo.

"Usiguse!" Kaza alipiga kelele, Cheche alipotaka kukirudisha. "Acha hapohapo. Sogeza na cha upande wa pili, vilingane." Akaminya. Kiti kikashuka laini kuliko mwanzo. "Sasa vilete mbele." Akaminya tena. Kikawa kigumu. Akatutazama sote, na uso ule naujua tangu utotoni. Ni uso wa mtu aliyeshinda kabla hamjajua kwamba kuna mchezo.

"Fimbo ikibaki ndefu inanesa sana. Ikibaki fupi, inanesa kidogo. Mtoto huyu anaongezeka kila siku. Leo vibano nyuma, akinenepa tunavileta mbele. Kiti kinakua na mwenyewe!"

"Kwa hiyo kama ningechomelea vizuri..." alianza Cheche.

"Ungekuwa umetuharibia," alisema Kaza, na wakacheka mpaka Cheche akaketi juu ya ile fremu yake ya ng'ombe.

Mgongo wa kiti Kaza akauwekea mguu wa kuegemea wenye meno, kama ule wa viti vya turubai. Mtoto akitoka kunyonya unaulaza kidogo, akitaka kutazama watu unauinua. Chini akavisha mpira wa tairi, kisiteleze kwenye vigae. Akaweka mkanda wa kiunoni na mwingine wa kupita katikati ya miguu, kwa bizimu ambalo mtu mzima hulifungua kwa mkono mmoja na mtoto hataliweza. Unga mwingine ukafungwa, ukaneseshwa kutwa nzima. Kila aliyepita aliambiwa aminye, hata mpeleka maji. Hakikukatika.

Halafu akavalisha kitambaa. Ndugu zangu, alikivalisha kama Kaza. Turubai laini, limevutwa pande zote, ukilipiga kwa kidole linalia kama ngoma. Mtoto akawekwa, akafungwa mikanda. Akatanua mikono yote miwili kama anayeanguka, akateleza mpaka mkanda wa katikati ukamshika, akapiga ukelele ambao nadhani na saluni waliusikia. Tukamtoa, tukamtuliza, tukamrudisha. Ukelele uleule.

"Hajazoea," alisema Kaza.

"Amekikataa," nikasema.

"Kiti changu hakijawahi kukataliwa, dada."

"Basi leo ndiyo leo."

Siku za mwezi zilikuwa zimebaki chache. Binti akaanza kukunja shuka la kumbebea mtoto ili amrudishe mgongoni, na jambo hilo ndilo lililomchoma mama yake. Kaza akamnyang'anya mtoto, akaketi kwenye kistuli kifupi, magoti kayaachanisha, na gauni lake pana likashuka katikati. Mtoto akatumbukia pale makalio kwanza, mgongo ameegemeza kwenye paja la bibi yake. Akanyamaza. Akaanza kunyonya ngumi na kututazama kama mwenye nyumba anavyowatazama wageni.

"Mbona hapo amekaa?" nikauliza. "Na gauni lako limelegea kama chandarua."

Nilisema kwa utani tu. Lakini Kaza aliinamisha kichwa akatazama mapaja yake, akatazama bonde lile la kitambaa lililoshika makalio ya mtoto, akabonyeza paja lake lililoshika mgongo.

"Leta futikamba," alisema mwishowe. "Nipime."

"Nikupime nini?"

"Mapaja, dada! Na bonde. Bonde lina kina gani? Harakisha kabla hajakojoa."

Nikampima mdogo wangu mapaja mbele ya shemeji yetu, ambaye alikuwa na adabu ya kugeukia ukutani, ingawa mabega yalikuwa yanamtikisika. Kisha Kaza akamrudisha mtoto kwa mama yake na kuanza kuchomoa pini. Mgongo aliuacha umekazwa vilevile, kwa sababu, alisema, mgongo ukilegea kidevu cha mtoto kitamwangukia kifuani, na mtoto anapumua kwa shingo iliyonyooka. Ila pale chini, pa kukalia, alipunguza. Nilimwona akikunja uso kila alipoachia kitambaa, kama anayevuliwa jino. Kikalegea, kikafanya mikunjo, mikunjo mingi, inaonekana hata kwa mtu aliye ng'ambo ya barabara.

"Usimwambie mtu nani ameshona," aliniambia.

"Nitawaambia wote," nikamjibu.

Tulikwenda saluni siku iliyofuata asubuhi, Kaza mbele na kiti mkononi, binti na mtoto, mimi nyuma na magoti yangu. Mwenye saluni alikuwa anapanga taulo. Akakitazama kiti, akauliza:

"Kikiteleza?"

"Sukuma," alisema Kaza.

Akasukuma kwa mguu. Mpira ukang'ang'ania kigae.

"Akinenepa?"

Kaza akampa spana, akamwonyesha vibano. Yule mama akavisogeza mwenyewe, akaminya, akavisogeza tena, akaminya. Nikaona mdomo unaanza kumlegea.

"Pale," alisema hatimaye, akaonyesha chini ya kioo cha mwisho, mbali na pasi na dawa za nywele. "Mwekeni tumwone."

Binti akamweka, akafunga mikanda. Mtoto akashuka kwenye kile kibonde, akakunja uso. Saluni nzima ikasimama. Hata mteja aliyekuwa chini ya mashine ya kukaushia nywele alitoa kichwa. Mtoto akarusha mguu, kiti kikajibu. Akashtuka, akatulia, akasubiri. Akarusha tena. Kikajibu tena. Basi, hapo akawa amejua kazi yake. Akaifanya kwa miguu yote miwili, macho kwenye kioo, kwa mtoto mwingine aliyekuwa akinesa mlemle.

Mwenye saluni alikwenda mpaka mlangoni, akaita kibarazani:

"Anayemsubiri msusi wangu, aingie!"

Akaingia mwanamke mmoja mwenye nywele nyingi, akaketi. Binti akanyoosha mgongo wake usio na mtoto tena, akachukua chanuo, akazigawa nywele zile kwa mikono yote miwili. Kaza alikuwa bado amesimama palepale, amejaa katikati ya chumba kama kabati, anamtazama mjukuu wake akinesa. Mteja mmoja alikuwa anamuuliza kama anaweza kumtengenezea dada yake kimoja, naye hamsikii.

"Mama," alisema binti, bila kugeuka. "Sogea kidogo. Unaniziba mwanga."